Riale Saba

Mume wangu alistaafu ualimu wa Historia akiwa na afya njema, miwani mpya na kiinua mgongo ambacho hakijaguswa. Wenzake wa rika lake hufuga kuku wa mayai, au hununua daladala wakagombana na dereva mpaka siku ya mwisho. Wangu mimi aliona video.

Ilikuwa habari ya mwanamke wa Kiingereza aliyenunua pete kwa pauni 10, huko London miaka ya 1980, kwenye moja ya minada yao ile ambapo watu huegesha magari uwanjani, wakafungua buti na kuuza vilivyowashinda nyumbani. Alidhani ni kioo. Akaivaa miaka na miaka, sokoni nayo, jikoni nayo. Kumbe lile jiwe ni almasi ya karati 26 na ushei, na mwaka 2017 Sotheby's waliipiga mnada ikauzwa kwa zaidi ya pauni 650,000. Ilidharaulika kwa sababu ilikatwa kwa mtindo wa karne ya 19, na almasi za wakati ule hazimeremeti kama za leo.

Hilo la kutomeremeta ndilo lililommaliza baba watoto. Tangu siku hiyo, kila kilichopauka humu duniani kikawa kinamtia matumaini.

Wa kwanza kuipata habari yake ni wifi yangu, mdogo wake wa kike, anayeishi Leicester na kufanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa na kawaida ya kulala Jumapili. Kaka yake akaiondoa. "Mdogo wangu, usiangalie uzuri. Geuza chini, piga picha mihuri, nitumie." Basi masikini wa Mungu akitoka zamu alfajiri anapitia uwanjani na tochi, anapindua vijiko vya watu, na sisi huku Unguja, chai iko mezani, zinaingia picha za matako ya mabirika. Baba watoto anazikuza kwa vidole viwili, mkate unapoa.

Vitu vyenyewe vilikuja kwa makatoni, ndani ya kontena la jamaa wa Uingereza, yale yanayoshuka bandarini Malindi na masofa, mafriji na magodoro yaliyokunjwa. Katoni la kwanza lilikuwa vijiko vitupu. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, alivitazama vikitandazwa sebuleni kwangu akauliza, "Kwani Uingereza siku hizi wanakula kwa mkono?"

Karibu vyote vilikuwa na herufi nne kwa nyuma, EPNS. Baba watoto alikwishaamua kuwa ni kifupi cha jina la ukoo fulani wa kitajiri. Akavipeleka Mji Mkongwe kwa sonara, mzee mmoja ambaye baba yake na babu yake walikaa kwenye kiti kile kile. Mzee hakuvipima hata mizani. "Mwalimu, hii ni shaba na zinki na nikeli. Juu wamepaka fedha kwa umeme. Kula nayo wali tu, haina neno."

Lakini ndani ya katoni lile kilikuwamo kijiko kimoja cheusi, ncha imelika upande mmoja kwa kukwangua vyungu vya watu waliokwisha kufa zamani, na kwenye mpini kina mihuri midogo mno hata ikabidi miwani mpya ivuliwe ishikwe kama lenzi. Simba anayetembea, amenyanyua mguu wa mbele. Herufi moja. Na nanga.

Nanga! Baba watoto usiku ule hakulala. Nanga maana yake meli, na meli kwa mwalimu wa Historia wa Zanzibar ni moja tu: Glasgow, ile aliyoundiwa Sultani Sayyid Barghash huko Uingereza, ikazamishwa na Waingereza wenyewe hapa mbele ya Forodhani tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimia hata saa moja. Kijiko kile, alinieleza saa nane za usiku, kiliporwa na baharia, kikaenda zake Uingereza, na sasa kimerudi kwao. Nilimwambia alale.

Asubuhi sonara alikisugua kwa kidole gumba akacheka mpaka akakohoa. Nanga ni muhuri wa Birmingham, mji usiokuwa na bahari. Wamekuwa wakikagua fedha na kuigonga alama hiyo tangu mwaka 1773. Simba maana yake ni fedha safi, sehemu 925 katika 1,000. Kijiko kilikuwa cha kweli, na bei aliyoitaja ilipita kidogo gharama ya kusafirisha katoni. Mtu mwingine angefurahi. Wangu alirudi nyumbani amenuna, fedha safi iko mfukoni, eti kwa sababu haikupata kupanda meli.

Hapo ndipo nilipouona ugonjwa wenyewe ulipokaa. Baba watoto hanunui chombo, ananunua maneno. Chombo huwa ni bahashishi.

Nilipomshauri basi awe anakwenda na mizani, anunue kwa uzito kama wanavyonunua wenye akili, alinijibu kwa yai. Yuko Mmarekani, mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyenunua kwenye mnada wa vitu vya mitumba yai la dhahabu lenye saa ndani, kwa dola kama 14,000. Huyo alikuwa mtu wa mizani hasa. Hesabu yake ilikuwa kuliyeyusha apate faida. Wayeyushaji wakakataa, kwamba ameshalipa kuliko uzito. Likakaa kwake miaka, mpaka mwaka 2014 dunia ikatangaziwa kuwa ni yai la Fabergé ambalo Tsar wa Urusi alimpa mkewe Pasaka ya mwaka 1887. "Unaona?" akasema. "Mizani haisomi." Nakiri jibu lilikuwa zuri. Ila yule Mmarekani, nikamkumbusha, hakutumia kiinua mgongo.

Ya bangili sikuyapanga kuyasema, lakini majirani wanayajua, kwa hiyo nawe yajue. Sonara akitaka kujua dhahabu ni ya karati ngapi, anaisugua kwenye jiwe jeusi ikaacha mstari. Pembeni anasugua dhahabu nyingine ambayo karati zake zinajulikana. Kisha anadondosha tindikali juu ya mistari yote miwili, anatazama upi unafifia na upi unabaki. Baba watoto alinunua jiwe. Tindikali alipata, sijui kwa nani. Dhahabu yenye karati zinazojulikana hakuwa nayo.

Mimi ninayo. Bangili zangu za harusi zimegongwa 916, ndiyo karati 22, na zilikuwa kabatini, zimefungwa kwenye kitambaa chini ya madira yangu. Kila katoni likifika, bangili moja inatoka kimyakimya, inasuguliwa, inarudi. Niliigundua siku ya harusi ya mtoto wa jirani, ilipokwaruza mkono: ubavu mmoja umekuwa bapa. Nilimkuta jikoni, kitambaa cha meza kimetoboka kwa tindikali, yeye anachungulia mistari jiweni.

Sikupiga kelele. Nilimwita mama yake. Bi Mkubwa alihukumu papo hapo: mwanawe aipeleke bangili kwa sonara ikapimwe, na kilichopungua akilipe kwa bei ya tola ya siku hiyo, na juu yake atie kitambaa kipya cha meza. Akalipa. Jiwe nimelichukua mimi, nasagia kitunguu saumu.

Baada ya hapo mapambo yakamtoka moyoni, akaingia kwenye makasha.

Kasha la kwanza alilitoa shamba, kwa dalali aliyemwambia lilikuwa la ndugu yake Sayyid Barghash. Halikutusumbua sana. Fundi seremala alipiga magoti kutazama bawaba, akaniita nije nione: skrubu ina kichwa cha nyota. Skrubu za namna hiyo zilianza kuuzwa miaka ya 1930, na Barghash alifariki 1888. Hilo baba watoto alilijua kuliko sisi sote, na alikuwa akiisomesha tarehe hiyo miaka yote. Alisema huenda bawaba zilibadilishwa. Fundi akapeleka pua kwenye mbao. "Na rangi hii, Mwalimu, ni ya viatu." Kasha hilo sasa tunawekea mkaa.

La pili ndilo lililoleta watu.

Mji Mkongwe kulikuwa na nyumba iliyofiwa na mama mtu mzima, na kaka mkubwa wa pale alikuwa akiuza vyombo ili aikodishe nyumba kwa wenye hoteli. Vitu vimetandazwa uani: masinia, mrashi, chetezo kilichovunjika sikio, kitanda cha Kihindi kimefunguliwa vipande. Na kasha. Safari hii hata mimi nilinyamaza. Lilikuwa la msaji, zito la ajabu, misumari yake ya shaba imefanya weusi na wala haikupangika sawa, kwa maana aliyeigonga aliigonga kwa jicho. Chini yake droo tatu, moja imekwama. Hakuna aliyelisemea neno. Yule kaka hakusema la Sultani wala la Mhindi, alisema tu, "La mama. Alikuwa akiwekea mashuka." Nafikiri ndiyo sababu lilikuwa la kweli. Bei sitaitaja, kwa heshima ya ndoa.

Mahamali walilipakia kwenye gari lao, wakalivuta kupita vichochoro mpaka Darajani, mpaka Michenzani kwetu. Bei ilikuwa ya kufikisha mlangoni. Hawakuuliza mlango uko ghorofa ya ngapi.

Majumba ya Michenzani yalijengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Wajerumani Mashariki, na Wajerumani wale walipopima ngazi hawakuwazia kasha la msaji. Letu halina lifti. Ghorofa ya kwanza walipanda wakiimba. Ya pili, wimbo ukageuka kuwa pumzi. Kati ya pili na tatu, kwenye kona, kasha likaegemea ukuta upande mmoja na chuma cha ngazi upande wa pili, likagoma. Halipandi, halishuki.

Ilikuwa kabla ya magharibi kidogo. Jirani wa ghorofa ya tatu ana beseni la maandazi ya kupeleka barazani, hapiti. Nesi wa ghorofa ya tano anakwenda zamu ya usiku. Alivua viatu, akapanda juu ya kasha kwa magoti, akashukia ng'ambo, na akatutazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Kijana wa juu kabisa aliyeagizwa mkate aliuweka kwenye kikapu cha kamba, mama yake akauvuta kwa dirishani. Baba watoto amesimama ngazi mbili juu, anatoa maelekezo ya pembe na nyuzi, na mahamali walio chini wanamwambia, "Mzee, bei tuliyopatana ni ya barabara. Huku ni mlimani." Wakaongezwa. Likasogea kidole kimoja. Wakaongezwa tena.

Wazee waliorudi kutoka kuswali isha walilikuta hapo hapo. Wakakaa juu yake, maana miguu imechoka, wakaanza mazungumzo. Mmoja akasema marehemu mama yake alikuwa nalo kama hili, wakaliuza njaa ya mwaka fulani. Mwingine akasema la kwao liliingizwa ndani kabla ukuta haujamalizwa. Baba watoto akasahau kazi akaanza kuuliza maswali.

Aliyetuokoa ni fundi wa rangi ya viatu, niliyekwenda kumwamsha mwenyewe. Alilala chini ya kasha na taa ya simu, akatoka na habari kwamba limekalia miguu, na miguu inafunguka. Wakalilaza ubavu ili aifungue, na lilipolala, kitu ndani kikagonga. Halafu kikateleza. Mahamali walitazamana. Baba watoto alijifanya hakusikia, kitu kilichonionyesha kuwa amesikia vizuri.

Siri hiyo haikumngoja. Kesho yake mwanangu kitindamimba, mwenye vidole vya kuharibu kila kitu, alifungua kasha. Ndani, upande wa kushoto, makasha haya huwa na kisanduku cha pembeni chenye kifuniko chake. Akakisukuma, akakivuta, akakwaruza ubao wa mbele, na ubao ukateleza juu. Nyuma yake palikuwa na nafasi ya mkono wa mtoto. Akatoa kipande cha kanga kilichofungwa fundo, rangi zimekwisha, na ndani ya fundo riale saba.

Nilizishika. Nzito, baridi, pana kuliko sarafu yoyote ya sasa. Upande mmoja mwanamke mnene wa shingo, kitambaa kichwani, kifua kimejaa. Upande wa pili tai wa vichwa viwili. Na mwaka: 1780.

Baba watoto alikaa chini. "Sayyid Said hajazaliwa," akasema. "Mke wangu, hizi zimepigwa Sayyid Said hajazaliwa." Akaanza kunihesabia: atamwambia mdogo wake azipeleke London, atawaita watu wa makumbusho, atajenga shamba. Mama yake alichukua moja akaigeuza. "Riale hizi. Bibi yangu alimpelekea sonara, zikayeyushwa, akapata mafurungu."

Sonara alizipokea kwa mapenzi, hilo siwezi kulikana. Alizigonga moja moja mezani asikilize mlio, akaziweka kwenye mizani: gramu 28 na kidogo, kila moja. Kisha akatoa pumzi. "Mwalimu, huyu ni Maria Theresa, malkia wa Austria. Alikufa mwaka 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na pwani hii hawakutaka sarafu nyingine ila yenye sura yake na mwaka huo. Basi wakaendelea kuzipiga hivyo hivyo. Vienna wamepiga, Roma wamepiga, London, Bombay, Birmingham kwenye nanga yako. Mwaka hawakuubadilisha. Ya juzi ni 1780." Fedha iliyomo ni sehemu 833 katika 1,000, akataja bei ya saba zote. Ilikuwa bei nzuri ya kununulia friji la mtumba.

Nami nilidhani yamekwisha. Lakini Bi Mkubwa alikuwa akisubiri nyumbani na swali lake: riale zile ni za nani? Mwanawe akasema amenunua kasha na vilivyomo. "Ulijua vimo?" Hakujua. "Aliyeuza alijua?" Hakujua. Akamkumbusha hadithi ya yule mtu aliyenunua ardhi akakuta mtungi wa dhahabu, akamrudishia muuzaji, na muuzaji akakataa, kila mmoja akimsukumia mwenzake, mpaka mwamuzi akawauliza kama wana watoto, waozane na mali iwatumikie. Baba watoto akasema hadithi hiyo aliisomea chuoni. "Basi itende," mama yake akamwambia.

Akapiga simu, kwa sauti ya mtu aliyeshikiwa mkono. Kwenye hadithi kila mtu alikuwa akikataa. Kwetu walikuja jioni ile ile, na hawakuja peke yao: kaka mkubwa, kaka mdogo, na dada watatu. Dada watatu hawakuwa na habari kwamba kasha la mama yao limeuzwa. Walilipata sebuleni kwangu.

Sitayarudia yaliyosemwa. Ilibidi aitwe sheha. Alikuja na kofia yake na subira yake, nikamwekea chai na mkate wa kumimina, akala kwanza wote wapoe. Kisha akauliza warithi ni nani. Wana wawili wa kiume, mabinti watatu, baba alitangulia zamani, mama hakuacha wazazi. Sheha akahesabu kwa vidole: mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Mbili, mbili, moja, moja, moja. Akanyamaza. Akahesabu tena. Riale saba, mafungu saba. Hata yule dada mkubwa aliyekuwa akilia alicheka.

Pesa za kuuzia kasha nazo, sheha akaendelea, ni mirathi, kaka azitoe zigawiwe vile vile. Hapo kaka mkubwa, ambaye bila shaka kwake zilikuwa zimeshapata kazi nyingine, alisimama akasema kama ni hivyo uuzaji umevunjika, kasha lirudi.

Baba watoto alifungua mdomo, lakini hakuwahi. Kumbe mlango ulikuwa wazi, na ngazini wako mwenye maandazi, nesi, wale wazee wa isha na watoto wa ghorofa zote. "Haliteremki!" alisema nesi. "Halipiti tena pale!" wakaitikia wengine, na mzee mmoja akaapa kwamba atalala ngazini akikanyagwa akanyagwe. Sheha alitazama kasha, akatazama mlango, akamaliza chai. Uuzaji ukabaki.

Wiki iliyofuata dada mdogo alirudi peke yake, na riale yake imefungwa kwenye leso. Ana ada ya shule ya mtoto. Nilijua sonara ametaja kiasi gani kwa kila moja, na baba watoto alijua vizuri zaidi. Lakini binti wa watu akakaa, akanywa maji, akasema mama yao alikuwa akiwekeza riale ili kila binti akiolewa apate mafurungu, na yeye ndiye aliyebaki, na mama akasahau ameficha wapi. Mwaka mzima wa mwisho alikuwa akizitafuta chini ya mito.

Nilimwona mume wangu anavua miwani. Alimlipa mara mbili ya bei ya sonara, na nauli ya daladala.

Riale sasa imo kwenye kabati la vyombo, juu ya kitambaa chekundu, mbele ya glasi zangu. Juzi nilipita Hurumzi, kwenye duka moja la vitu vya kale vya watalii. Kaunta ina bakuli limejaa riale, zote za 1780. Nikauliza bei. Ni ya chini kuliko aliyolipa, na ukichukua mbili anapunguza.